Unga Juu ya Kichwa cha Mbuzi

Jumanne, 13 Mei

Kadi nne za tasnifu leo. Mbili za "housel", moja ya "lac", moja nimeichana. Tumbili wameingia tena jikoni wakaondoka na mkate mzima pamoja na mfuko wake. Mado, Mkongo ninayepanga naye nyumba hii ya Glenwood, amewafukuza kwa ufagio hadi uani huku akiwatukana kwa Kifaransa. Nimekunywa chai kavu.

"Housel" nalipenda. Waingereza walilitumia kwa mkate mtakatifu wa kanisani, kisha wakaliacha likafa. Kabla ya kanisa lilikuwa dhabihu, damu kabisa. Wahubiri walipofika hawakuleta neno jipya. Walichukua la wapagani wakaliosha. "Lac", la Kiingereza cha kale, ndilo linanichekesha. Mchezo, zawadi, vita, sadaka, yote neno moja. Bibi yangu asingeshangaa. Kwetu nako hakuna tambiko bila ngoma.

Miaka mitano naokota maneno ya kafara ambayo wenyewe wameyasahau. Shangazi zangu wanasema nimekwenda Durban kusomea makaburi. Hawajakosea sana.

Sura ya nne imekwisha. Ni ya "immolate". Neno hili halijafa lote, ila watu wanadhani ni kuchoma moto. Maana ya kwanza ndiyo iliyokufa: kumnyunyizia mnyama unga wenye chumvi kabla ya kumchinja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama maktabani. Nilimwona bibi, Handeni. Nina miaka mitano. Mbuzi mweusi, unga wa mtama kichwani, watu wazima wote kimya. Mbuzi akitikisa kichwa, amekubali. Asipotikisa, anafunguliwa aende zake.

Sijawahi kumsimulia mtu. Rajabu tu, mwenzangu wa idara. Kesho naipeleka sura kwa Profesa, msimamizi wangu.

Jumatano, 14 Mei

Nimeipeleka. Nimelala mchana.

Jumatatu, 19 Mei

Profesa kaniita. Kafunga mlango. Hajawahi kufunga mlango.

Mashine ya kukagua wizi wa maandishi imeipitia sura yangu. Kurasa kumi na moja zimepakwa nyekundu. Nikadhani mashine imeharibika. Akanigeuzia kompyuta nione zilikotoka. Makala katika jarida la idara, toleo la Machi. Mwandishi: Rajabu.

Mimi ndiye mwizi, kwa mujibu wa mashine. Kuna kamati. Nikikutwa na hatia, tasnifu yote inasimamishwa na kibali changu cha kukaa kinakwisha nayo. Profesa alisema haya akiangalia dirishani. Nilitaka kulia nikashindwa. Nilimuuliza kama ana maji.

Jumanne, 20 Mei

Sijalala. Niandike mambo yalivyo, huenda nikayaelewa.

Rajabu ni wa Magomeni, Dar es Salaam. Tulifika Durban mwaka mmoja, idara moja. Watanzania wawili kwenye ukumbi mzima, tungefanya nini? Akaniita dada siku ya kwanza. Nikamwita kaka. Kila Jumapili anakula hapa. Anapenda maharage ya nazi na anamaliza ukoko. Nilipofanyiwa upasuaji yeye ndiye aliyekaa kwenye benchi la hospitali. Usiku ule kabla ya upasuaji nilimpa namba ya mama. Nikamwambia, nikizidiwa, mpigie.

Novemba iliyopita aliniomba makopo yangu ya kadi. Makopo matatu ya biskuti. "Dada, nataka kuona tu unavyozipanga, mimi za kwangu zimenishinda." Alikaa nayo wiki sita. Akayarudisha yamefutwa vumbi. Nikaona ana adabu.

Sasa hesabu ya ujinga wangu. Kadi zangu hazina tarehe. Mwalimu wangu Dar alinikanya, kadi bila tarehe ni mtoto bila cheti. Faili langu la kwanza kwenye kompyuta ni la Februari. Makala yake ilipokelewa Januari. Profesa sijawahi kumwonyesha sura kabla haijaiva, ndiyo tabia yangu. Na shajara ya mwaka niliomsimulia Rajabu habari ya mbuzi niliichoma nilipoachana na Hamisi, pamoja na picha na kanzu yake. Nilijiona shujaa siku ile.

Nimempigia Rajabu mara tisa. Hapokei.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeisoma makala yake yote, nimesimama.

Ni kadi zangu. Mpangilio wangu, mifano yangu, hata pale nilipoacha swali yeye ameacha swali. Lakini si hilo lililoniuma. Ukurasa wa tatu kuna mbuzi. Mweusi, unga wa mtama, Handeni, kimya, kichwa kinatikisika. Ameandika "katika ukoo wangu". Ukoo wako upi, Rajabu? Ninyi watu wa Magomeni mbuzi mnamjua kwenye pilau.

Na bibi hayumo. Mahali pa bibi ameweka mwanamume, babu mkubwa. Amemwiba bibi yangu, kisha akamfuta. Nilitupa jarida ukutani. Mado akaja mbio akidhani ni tumbili.

Nilimweleza yote. Akashika kiuno. "Ule mutu anakulaka hapa kila yenga, kila Jumapili! Njo anakufanya hivi? Eish, Zaina. Kikulacho iko mu nguo yako." Nikacheka kwa jinsi alivyoivunja methali, kisha nikalia hadi kamasi.

Jumatano, 28 Mei

Kikao cha kwanza cha kamati. Watu watatu na Profesa pembeni. Rajabu ndani ya suti ya kijivu. Hiyo suti nilimchagulia mimi.

Nilipewa zamu kwanza. Nikaeleza: bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenyunyiza unga. Nilimwona kwa macho yangu. Wakaandika.

Kisha yeye. Hakuniangalia. Akasema anasikitika, mimi ni kama dada yake, lakini anayo sauti. Amemrekodi mama mmoja mzee wa Handeni, ndugu upande wa ukoo wake. Na mama huyo anasema wazi kwamba mwanamke hamkaribii mbuzi wa tambiko. Anayenyunyiza ni mwanamume mkubwa wa ukoo. "Mwenzangu amesema ni bibi," akasema, "kwa sababu hakuwepo. Amesoma makala yangu akabadilisha."

Wakatikisa vichwa wote watatu. Kamati haipokei sauti iliyokatwa, kwa hiyo atawapa faili zima, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza kwenye karatasi. Tarehe 11 Juni watasikiliza.

Nimeonekana mwongo juu ya bibi yangu mwenyewe. Na kuna jambo baya zaidi, sitaki kuliandika lakini nitaliandika. Nilipomsikia anasema vile, kitu ndani yangu kilijua kwamba ni kweli.

Jumapili, 1 Juni

Nimempigia mama. Nilijipa moyo kwanza kwa nusu saa. Nikamuuliza kwa mzunguko, mama, yule mbuzi wa tambiko nilipokuwa mdogo, nani alimmwagia unga?

"Si ni babu yako Mhina," akasema. "Mbona nilishamweleza Rajabu?"

Nikakaa chini sakafuni.

Alimpigia Desemba. Akamwita mama, akamwamkia vizuri, akamwambia Zaina ana kazi nyingi, amenituma nikuulize mambo ya tambiko kwa ajili ya kitabu chake. Mama yangu huyu! Mambo haya hayasemi. Ni mtu wa swala tano, anaona aibu kwamba ukoo wetu ulichinja mbuzi kwa mizimu. Mimi mwenyewe nilimuuliza mara mbili akanijibu, achana na ya wazee. Lakini Rajabu, mama akampa yote kwa sababu alisikia jina langu. Alikaa nje kwenye kigoda na simu sikioni mpaka salio la Rajabu likaisha, na Rajabu akapiga tena.

Bibi alisaga unga tu. Alisaga, akampa babu Mhina, akarudi mlangoni akasimama nami. Ndiyo maana namkumbuka. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi kwenye viwiko. Nilikuwa na miaka mitano, niliona mikono yenye unga, nikaona unga kichwani kwa mbuzi, nikaunganisha. Nimetembea na kosa hilo miaka thelathini na nne. Nimeliandika kwenye kadi kwa wino mweusi. Ningelitia kwenye tasnifu.

Kwa hiyo mwizi ana ukweli na mwenye mali ana kosa. Nina hasira hata pa kuiweka sina.

Mama akauliza, "Kwani kuna nini?" Nikasema hakuna. Akasema, nilimwambia Rajabu akusalimie, alikufikishia? Nikasema alifikisha.

Jumanne, 3 Juni

Sili. Suruali inashuka. Nimepanga kadi za "tiber", neno jingine la kafara lililokufa kabla Waingereza hawajajua kusoma vizuri. Wajerumani wana mtoto wake mmoja hai, jina wanalowaita wadudu waharibifu. Wataalamu wengi wanasema maana ya neno hilo la Kijerumani zamani ilikuwa mnyama asiyefaa kutolewa kafara, mchafu. Nimefikiria watu fulani. Kisha nikafikiria kwamba mtu asiyefaa kutolewa kafara ndiye anayebaki hai, akafaidi nyama.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nimeswali na wanawake, nikarudi kwa miguu. Baridi ya asubuhi, jua zuri. Watoto wa jirani wamevaa viatu vipya wanaogopa kuvichafua.

Saa nane Rajabu amekuja. Na sahani ya nyama, imefunikwa kwa foili. Mwenye kuchinja udhia, mnyama wa Idi, hugawa mafungu matatu, na fungu la jirani halikataliwi. Analijua hilo. Amekuja na kitu nisichoweza kumfungia mlango.

Alisimama kwenye ngazi. Amekonda naye, nilifurahi. Akasema, "Dada, idi njema. Usiniharibie." Akasema kuna nafasi moja tu ya kufundisha mwakani, kibali chake nacho kinakwisha, ana mke Dar anamsubiri. Akasema niondoe madai yangu, niseme nilichanganya maelezo, sura ya nne niitoe kwenye tasnifu, mbona nina sura nyingine sita. Naye katika makala ijayo ataweka jina langu mwishoni, kwenye shukrani.

Nikamwambia, "Kaka, sisi mchinjaji hatumlipi kwa nyama ya udhia, hata ngozi hatumpi. Wewe unataka kumlipa mbuzi."

Akainamisha kichwa. Nikamuuliza swali moja, kwa nini mama yangu. Kadi ulikuwa nazo, zingekutosha. Kwa nini ulimpigia mama.

"Nilitaka iwe sahihi," akasema.

Nimeipokea sahani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nikampa Mado. Sikutaka kuigusa. Akasema, "Nyama haina makosa, miye nitapika." Nyumba nzima imenukia kitunguu saumu hadi magharibi. Nalala na njaa, kwa kiburi.

Jumanne, 10 Juni

Kesho. Nimepiga pasi gauni la bluu mara mbili.

Mado anasema nimwambie mama apige simu, aseme mwenyewe mbele ya kamati. Siwezi. Itabidi nimweleze kwamba alidanganywa, kwamba alitoa siri ya ukoo wake kwa mtu aliyekuja kuiiba, na kwamba mlango ni yeye aliyeufungua. Ana presha. Kisha atakaa akijilaumu kila akishika simu. Nikishindwa, nitarudi nyumbani bila shahada, nitamwambia masomo yalikuwa magumu. Hilo atalielewa.

Nimebakiza jambo moja tu. Mama alisema alinitumia salamu.

Jumatano, 11 Juni

Niandike polepole.

Chumba kile kile. Karatasi ya tafsiri ya Rajabu mbele ya kila mtu. Mwenyekiti akasema wataisikiliza sauti kidogo kuthibitisha ipo, kisha wataamua kwa karatasi, kwa kuwa hakuna kati yao anayejua Kiswahili. Nikanyoosha mkono. Nikasema kwanza, kadi yangu ina kosa. Aliyenyunyiza unga si bibi, ni babu Mhina, mjomba wa mama. Bibi alisaga tu. Nilikuwa mtoto, nilikumbuka vibaya.

Rajabu aligeuka kuniangalia. Hakutegemea. Mmoja wa kamati aliweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza kazi.

Nikasema jambo la pili. Naomba sauti ichezwe yote, hadi mwisho.

Ikachezwa. Mama yangu mle chumbani. Kuku nyuma yake, na kikohozi chake. Anacheka kidogo anaposema unga ulimwingia mbuzi machoni. Dakika ishirini na kitu nimekaa nimeikaza mikono kwenye meza. Karatasi ya Rajabu iliishia pale mbuzi anapotikisa kichwa. Sauti haikuishia hapo. Iliendelea. Salamu. Watu hawa hukata simu kwa Kiingereza, neno moja na kwaheri. Mama hawezi kukata simu bila kuaga robo saa. Rajabu alijua kwamba ni salamu tu, na salamu hazitafsiriwi.

Nikataka kutafsiri mwenyewe. Mwenyekiti akasema hapana, mimi ni mhusika. Wala Rajabu. Ndipo Profesa akasema, mlinzi wa pale chini si Mrundi? Wakamwita Evariste. Evariste tunasalimiana kila asubuhi, hajui hata nasoma nini. Aliingia na kofia mkononi, akadhani ameitiwa kosa. Wakamwomba asikilize kipande cha mwisho aseme kwa Kiingereza anachosikia. Akainama karibu na kompyuta, akaomba kirudiwe. Akasema taratibu, akihesabu maneno:

"Huyu mama anasema, haya baba, nimekupa yote. Mwambie mwanangu Zaina nimekueleza kila kitu kama alivyokutuma. Mwambie kitabu chake kikitoka anisomee mimi kwanza."

Mwenyekiti akauliza kama ni hayo tu.

"Hapana," akasema Evariste. "Anasema pia, mwambie asisahau kula."

Rajabu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilisubiri nifurahi. Sikufurahi. Nilimwangalia nikakumbuka benchi la hospitali, na kwamba alikaa pale kweli, usiku mzima, na namba ya mama mfukoni.

Evariste alinikuta kwenye korido. "Pole, dada," akasema. "Mama yako anasemaga vizuri."

Jumanne, 17 Juni

Barua ya kamati. Sina hatia. Makala itaondolewa jaridani. Rajabu ana kamati yake nyingine, si kazi yangu. Profesa amenitaka nirekebishe habari ya bibi na kuandika chini kwamba mtoa habari ni mama. Amenikumbusha kuweka tarehe kwenye kadi. Nimejibu kwa heshima.

Nimeifuta namba ya Rajabu. Naijua kwa kichwa, kwa hiyo haikusaidia.

Jumapili, 22 Juni

Kumetulia. Jumapili nyingine hakuna anayekuja kula. Nimeloweka maharage ya watu watatu kwa mazoea.

Mama amepiga. Mvua haijanyesha, mahindi ya jirani yameliwa na ng'ombe. Kisha, "Rajabu hajambo? Mbona siku hizi hanipigii?"

"Hajambo, mama. Ana mambo mengi."

"Kijana mzuri yule. Yale niliyomweleza yalikufaa?"

Nikasema yalinifaa. Nikasema, mama, yaliniokoa. Akacheka, akasema usitie chumvi. Alifurahi sana, nilimsikia akimwambia mtu wa pembeni. Na abaki hivyo hivyo.

Nimetoa kadi ya mbuzi koponi. Nimekata "bibi" kwa mstari mmoja, bado anasomeka. Nimeandika juu yake, babu Mhina. Chini nimeandika, bibi alisaga unga. Mtoa habari, mama. Kisha tarehe.

Maharage yameiva. Nimekula.